Nilifungua biashara ya tui na mtu anayedhani "inshallah" ni oda

Salaam wakuu. Shikamooni walionizidi umri, na rika zangu mambo vipi.

Mimi humu huwa msomaji tu. Nasoma nyuzi zenu, nacheka, natoka. Lakini leo nina donge kooni, na nyumbani kwetu siwezi kulitoa kwa sababu hakuna mtu anayepaza sauti. Hata paka wetu ana adabu.

Kwa hivyo nimekuja kupigia kelele huku. Yote nitakayosema yamenipata mwenyewe, Bongwe hapa hapa Pwani, na shahidi wangu yuko nje sasa hivi anakuna nazi huku akiimba vibaya.

Majina nimebadilisha. Niiteni Hamadi.

Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, sitamshika kanzu.

Haya twende.

Nasomea mambo ya biashara chuoni. Muhula uliopita tulikuwa na somo la ujasiriamali, na mwalimu wetu, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, alikuwa na imani moja kubwa: mfanyabiashara anazaliwa. Ama una personality ya biashara ama huna. Kama huna, tafuta kazi ya kuajiriwa uache kusumbua watu.

Akatujibisha maswali. Ukiingia kwenye chumba cha watu usiowajua, unafanya nini?

(Natoa salamu, natafuta kiti. Kwani wewe unafanya nini, unapanda meza?)

Je, unapenda kuwa mbele ya wenzako? Je, unasema unachofikiri papo hapo?

Majibu yakatoka. Mimi nikaambiwa ni introvert, mtu wa kukubaliana na kila mtu, mwoga wa hatari. Mwalimu akanisomea mbele ya darasa zima, kwa sauti ya daktari anayekupa pole: "Hamadi, wewe utafaa sana ofisini. Benki, au pengine kaunti."

Darasa likacheka. Mimi nikasema, "Ahsante, mwalimu."

Ahsante! Mtu ananizika mzima mzima, nami namshukuru.

Na si mimi peke yangu. Kuna dada mmoja darasani, mpole, hodari wa kushona, alikuwa na mpango wa kufungua duka la madera. Aliambiwa hana "moto". Siku ile ile akaacha kuzungumzia duka, mpaka leo ukimuuliza anakwambia anatafuta attachment ya ofisini. Yaani maswali ya nusu saa yanamfuta mtu ndoto yake, na hakuna anayeuliza hayo maswali yalitungwa na nani, kwa watu wa wapi.

Sasa mnijue kidogo ndipo mtaelewa kwa nini iliniuma.

Mama yangu ana kibanda kando ya barabara. Asubuhi anauza mbaazi za nazi na mahamri. Wateja wake ni watu wa boda, wafanyakazi wa hoteli za Diani wanaowahi zamu, na wanafunzi. Baba alifariki nikiwa mdogo, kwa hivyo kibanda kile ndicho kilichonilea na kunisomesha, na hata bando ninayotumia kuandika huu uzi imetoka kwenye mbaazi.

Na nazi zote hizo mama amezikuna kwa mbuzi, ile ya kukalia, miaka yote hiyo. Bega lake la kulia limekwisha. Akivaa buibui huanza na mkono huo polepole, huku amefumba macho.

Basi mimi wazo langu lilikuwa dogo tu: mashine ya kukuna nazi. Kwanza bega la mama lipumzike. Pili, akina mama wengine walete nazi zao tuwakunie. Wazo hilo nimelilea tangu sekondari bila kumwambia mtu.

Halafu nikamwambia Kyalo.

Kyalo ni mwanafunzi mwenzangu. Wazazi wake ni Wakamba, wana shamba la settlement, yale ya kugawiwa na serikali, huko juu, upande wa Kikoneni. Ni mtu mwema, na nalisema mapema kwa sababu mbele huko mtasahau. Lakini kelele! Kyalo akikunong'oneza siri, jirani anaitikia. Kwao, alivyonieleza mwenyewe, mtu akitaka chumvi husema leta chumvi, asipotaka husema sitaki, na chakula kinaendelea kuliwa.

Kwenye yale maswali ya mwalimu Kyalo alitoka "born entrepreneur". Akapigiwa makofi, akainuka akapunga mkono.

Ilipofika likizo ndefu mwalimu akatoa kazi: wawili wawili, tuanzishe biashara ndogo ya kweli, tukirudi tuje tuieleze darasa. Akatupanga yeye mwenyewe, mwenye mdomo na asiye na mdomo. "Kyalo atakuwa founder. Hamadi atamsaidia."

Kumsaidia. Kwenye wazo langu.

Nikasema, "Sawa, mwalimu."

Mashine haikutusumbua. Kaka yake Kyalo ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Ukunda, akatuundia moja kutokana na mota kuukuu. Inanguruma kama trekta lakini inakuna, na mama alipoijaribu mara ya kwanza alicheka mpaka akajifuta machozi. Hapo nilifurahi, wallahi.

Ingekuwa busara tuishie hapo. Lakini founder hakuridhika.

"Buda, kukuna ni kitu kidogo sana. Sisi tutauza tui lenyewe. Tunakuna, tunakamua, tunaweka kwa chupa, tunapeleka mpaka mlangoni kila asubuhi. Bongwe yote, halafu Ukunda, halafu hoteli za Diani, halafu export."

Export, wakuu. Hata nazi ya kwanza haijavunjwa.

Mimi nilijua kuna tatizo. Mwanamke wa Bongwe hanunui tui lililokamuliwa na mikono asiyoijua. Anataka tui zito kando na jepesi kando, ajue mwenyewe ametia maji kiasi gani, na machicha yabaki kwake awape kuku. Ukimletea tui limeshachanganywa kwenye chupa, hajui alifanyie nini.

Basi nikamwambia Kyalo, "Ni wazo zuri. Labda tungewauliza watu kwanza."

Kwa akili yangu hapo nimeshakataa. Kwa akili yake nimemwambia tufanye market research.

Tukaanza na jirani yetu, Bi Mwanakombo.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba, wanangu. Mwatoka wapi na jua hili? Ketini mnywe maji."

Kyalo hakuketi. "Mama, tunaanzisha kampuni ya tui. Tukikuletea hapa mlangoni kila asubuhi, utachukua?"

Bi Mwanakombo akamtazama. Akanitazama mimi. Akaitazama sufuria yake jikoni. Kisha akasema polepole, akiivuta: "Inshallaaah, mwanangu. Jambo jema hilo. Mungu awafanyie wepesi."

Wapwani wenzangu, nyinyi mmeshasikia nilichosikia mimi.

Kyalo akanigeukia kidole gumba juu. "Confirmed!"

Kwa wale wa bara, niwaeleze, na msinielewe vibaya. Neno lenyewe ni tukufu. La kesho analo Mungu, na mimi mwenyewe nalisema kila siku kwa imani yangu yote. Shida ni sisi tulivyolifanya leso ya kufunikia "la".

Kuna inshallah ya kweli. Hiyo ni ya haraka, mtu anakutazama machoni, na nyuma yake inakuja swali: "Inshallah, mtakuja saa ngapi?" Hiyo tia mfukoni.

Halafu kuna ile ya kuvutwa, inayosindikizwa na dua. Ukiona umeanza kuombewa, ujue umekataliwa. Na dua ikizidi urefu, ndivyo ulivyokataliwa zaidi.

Sisi siku ile tuliombewa dua ambazo sikuombewa hata wakati wa mtihani wa kidato cha nne. Bibi mmoja alitushika mikono sote wawili akatuombea wake wema na watoto wema. Kyalo anatoka pale meno yote nje.

"Umeona? Watu wa kwenu ni customers wazuri ajabu. Hakuna hata mmoja amekataa!"

Hakuna hata mmoja aliyekubali, Kyalo!

Hilo nililisema moyoni. Mdomoni nilisema, "Tutaona, ndugu yangu."

Yeye akaenda kununua chupa.

Asubuhi ya kwanza tulizunguka na chupa zetu kwenye kreti, milango ile ile.

"Loh, mngejua! Leo napika pilau."

"Mwenyewe kasafiri, wanangu, hapaliki sana hapa."

"Watoto wameamka na homa, tumewakorogea uji tu."

Na kila mlango tukaribishwe, tuulizwe hali, tuombewe tena. Bi Mwanakombo peke yake ndiye aliyepokea chupa, akashukuru sana. Nilipopita kwake baadaye niliiona, haijafunguliwa, ameizuilia mlango usipigwe na upepo.

Tui nalo halingoji mtu. Adhuhuri ikifika limeshachacha. Kuku wa mtaa walinona likizo ile, na paka wetu mwenye adabu akafika mahali akilinusa anaondoka zake.

Kesho yake tena. Na kesho kutwa tena. Mtu mwingine angevunjika moyo, lakini Kyalo anasema, "Wamesema wanataka, shida ni marketing." Akaanza kuita kwa sauti njiani kama muuza mitumba: "Tuiii! Tui freeesh!" Wazee wanatoka msikitini wanamtazama, wananitazama, wanauliza habari za mama.

Mimi nilijaribu kumwambia, msinione mjinga. Nilijaribu mara nyingi.

"Kyalo, mimi nahisi kama pengine..."

"Unahisi tuongeze! Hata mimi nimeona hivyo!"

Sasa mtu kama huyo unamwambiaje? Nilikuwa natunga hotuba nikiwa naoga. Nikitoka bafuni hotuba imepotea, nakuta amenunua kreti nyingine. Kuna siku nilijificha kwenye mikorosho nyuma ya nyumba aliponiita, kijana mzima nina ndevu, najificha nisije nikasema neno moja la silabi chache.

Halafu akagundua kwamba shida si marketing. Shida ni location.

Akamwendea mama.

Mama alikuwa kibandani anachoma mahamri. Kyalo akamwamkia vizuri kabisa, siwezi kumsingizia, shikamoo alishajifunza. Kisha: "Mama Hamadi, tunahitaji hiki kibanda kwa kampuni. Hapa ni barabarani, watu watatuona. Wewe utauzia mbaazi pale nyumbani barazani. Si itakuwa sawa?"

Mama akageuza hamri moja kwenye mafuta. Akageuza lingine.

"Inshallah, Kyalo mwanangu. Kunywa chai kwanza."

Wakuu, inshallah hiyo naijua.

Baada ya baba kufariki kuna bwana mmoja wa Kinondo alikuja kumposa mama. Mtu na heshima zake, kanzu imepigwa pasi. Mama alimwambia "inshallah", akammiminia chai. Yule bwana akanywa, akashukuru, akaenda zake na hatukumwona tena, maana alikuwa Mkinondo na alielewa. Sijawahi kusikia mama akimkatalia mtu kwa nguvu zaidi ya siku ile.

Na sasa Kyalo kapewa inshallah ile ile na chai ile ile, na huyo anaimaliza, anaomba kikombe cha pili!

Nikamvuta kando. "Kyalo, mama amekaa sana kwenye kibanda kile."

"Ndiyo maana kinajulikana! Location, bana!"

Nikajipa moyo kwamba hatakigusa kabla hatujazungumza tena. Wiki hiyo hiyo mjomba wangu akahitaji mtu wa kumsindikiza kliniki Msambweni, nikaenda naye, na tukalala huko kwa jamaa zetu.

Niliporudi asubuhi, boda ikanishusha mbele ya kibanda chetu na sikukijua.

Kilikuwa cha kijani. Kijani mpaka miguuni, na mbele kimeandikwa kwa herufi nyeupe, kubwa: TUI EXPRESS. Pale palipokuwa na jiko la mama, mashine inanguruma. Kyalo yuko nyuma yake na aproni, anacheka.

"Surprise, buda!"

"Mama yuko wapi?"

"Ameshahamia nyumbani, barazani. Mwenyewe ametusaidia kubeba jiko."

Amesaidia kubeba jiko. Na bega lile.

Nyumba yetu iko ndani, nyuma ya mikorosho. Kutoka barabarani huioni. Nilipofika nilimkuta mama ameketi barazani, sufuria ya mbaazi mbele yake na beseni la mahamri limefunikwa kitambaa safi. Amejifunga leso yake nzuri, ile ya kuuzia. Hakukuwa na mteja hata wa dawa. Kule barabarani nawasikia watu wa boda wanapita wakienda kula Ukunda, na mama amekaa wima vile vile, kama watu wako njiani wanakuja.

"Umefika, mwanangu. Mjomba wako hajambo? Umekula?"

"Mama, wateja?"

"Watakuja," akasema. "Inshallaaah."

Akaivuta, wakuu. Mama yangu. Na safari hii alikuwa anajiambia mwenyewe.

Sikumbuki nilivyofika barabarani. Nakumbuka nimesimama mbele ya kile kijani na neno limenitoka ambalo sijui lilikuwa limekaa wapi mwilini mwangu miaka yote hiyo.

"HAPANA!"

Mashine ikazimwa.

"Hapana! Sitaki! Mama hataki! Bi Mwanakombo hataki! Bongwe nzima haitaki tui lako, Kyalo, hawajawahi kulitaka hata siku moja! Toa mashine hapo!"

Watu wa boda wakasimama. Bi Mwanakombo akatoka kwake na mwiko mkononi. Mimi machozi yananitoka, na najua kabisa kwamba urafiki umekwisha, kazi ya chuo imekwisha, na nitahama Bongwe nisionekane tena.

Kyalo akanitazama mdomo wazi. Akafuta mikono kwenye aproni.

"Sawa," akasema.

Nikangoja matusi.

"Sawa, bana. Mbona hukusema? Shika huku tuitoe."

Basi. Hivyo tu!

Nilitaka kumpiga. Wallahi nilitaka kumpiga kuliko nilipokuwa na hasira. Nimekosa raha likizo nzima, nimejificha kwenye mikorosho, mama kabeba jiko na bega bovu, na kumbe lile neno ukimwambia mtu anajibu "sawa" na kushika upande wake wa mashine!

Kyalo akamgeukia Bi Mwanakombo. Hakukasirika, alitaka kujua tu. "Mama, ni kweli hulitaki tui letu?"

"Mwanangu, tui lenu ni zuri, Mungu awa..."

"Bi Mwanakombo!" nikasema.

Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Silitaki," akasema, na papo hapo akajifunika mdomo kwa leso utadhani ametukana.

Halafu ikawa kama bomba limepasuka. Tui gani hilo limechanganywa! Zito liko wapi, jepesi liko wapi? Machicha yangu mmempelekea nani? Yeye anachotaka ni mtu amkunie nazi yake mwenyewe akiona kwa macho yake, aende nayo nyumbani akakamue, na kama wakati huo huo anaweza kununua mahamri ya watoto asirudi tena barabarani, ingekuwa rehema.

Akina mama wengine walioshafika hapo wakaitikia, "Ee, kukuna tu. Kukuna."

Wazo langu, wakuu. Lile dogo, la msaidizi.

Mama naye akatokea nyuma ya mikorosho, anatembea haraka. Nikajua amekuja kunishukuru.

"Hamadi! Ndivyo nilivyokulea? Kumfokea mgeni barabarani, watu wanatazama?"

"Mama! Wewe hukutaka kutoa kibanda! Kwa nini hukusema?"

Mama akashangaa. Na hakuwa anajifanya, alishangaa kweli. "Nilisema. Nilimwambia inshallah."

Kyalo akaketi chini pale pale kwenye mchanga, akashika kichwa. Nadhani ndipo aliporudia Bongwe nzima kichwani mwake, mlango kwa mlango.

"Wote?" akaniuliza.

"Wote."

"Hata yule bibi wa watoto wema?"

"Huyo ndiye aliyekataa kuliko wote."

Tulirudisha jiko, tukalibeba mimi na Kyalo, na mama akarudi mahali pake. Lakini asubuhi ilikuwa imeshakwenda. Mbaazi za siku ile zililala, na mimi sijawahi kuona mbaazi za mama yangu zikilala.

Sasa mashine iko pembeni, tumeiezekea kibati upande wa ukuta. Mama alipoulizwa mahali pa kuiweka, aliupima ukuta kwa macho, kisha akanyoosha kidole: "Hapo. Lakini vumbi la nazi lisifike kwenye mahamri yangu." Kyalo akaninong'oneza, na mtaa wote ukasikia, "Hiyo ni ndio ama ni inshallah?"

Ilikuwa ndio. Na rangi ya kijani ameipenda, ila maandishi ametaka yafutwe.

Asubuhi akina mama wanakuja na nazi zao, wanasimama, wanakuniwa, wananunua mahamri, wanakwenda kukamua wenyewe, machicha wawape kuku wao. Kyalo anaita watu na kugombana na mota. Mimi nasikiliza. Mteja akisema kitu Kyalo ananitazama, nami natikisa kichwa juu au pembeni. Tunaelewana hivyo.

Tulipoeleza kazi yetu darasani, mwalimu akafurahi kupita kiasi. Akasimama: "Mnaona? Hamadi amebadilika! Ile siku alipopiga kelele, hapo ndipo alipokuwa mjasiriamali!"

Yaani mtu hasikii kabisa.

Nikainua mkono. "Hapana, mwalimu."

Yule dada wa madera akainua kichwa.

Nikamwambia sijabadilika. Bado nikiingia chumbani natafuta kiti. Kelele ile ilinirudishia kibanda cha mama, lakini nazi zinakunwa kwa sababu mtu mmoja anajua kuita na mwingine anajua kusikia. Kyalo kutoka nyuma akaongeza, "Na mwalimu, founder ni yeye. Mimi ni spika tu."

Mwalimu akasema tutalizungumza. Sijui aliivuta au hakuivuta, kwa Kizungu siwezi kutambua.

Ndio hivyo wakuu. Nilichotoka nacho mimi: tabia yako haikupi wala haikunyimi biashara. Inakuonyesha utaharibu wapi. Mwenye mdomo ataharibu kwa kutosikia, mpole ataharibu kwa kutosema, na maswali ya darasani hayamkatazi yeyote kati yao kufanya biashara. Wewe mpole uliyeambiwa huna moto, usiage wazo lako. Tafuta mwenye kelele mwenye roho safi, halafu mwambie hapana mapema, wakati bado ni chupa tu, kabla hajafika kwenye kibanda cha mama yako.

Haya, uwanja ni wenu. Nani humu alishaanza biashara na mtu wa tabia tofauti kabisa na yake, na aliyeharibu alikuwa nani? Na wa bara mniambie kweli: kwenu mnakataaje mtu bila kumwombea dua?

EDIT: Mama ameniuliza naandika nini muda wote huu. Nikamwambia habari zetu, nikamsomea kipande cha siku ile, nikamuuliza kama ni sawa niiache hewani.

Akasema inshallah.

Nikaweka simu chini. "Mama, hiyo ni ndio au la?"

Alikuwa anachambua mbaazi za kesho. Akaendelea kuchambua kitambo, kisha akaacha.

"La," akasema. "Umesema mbaazi zangu zililala. Hazikulala. Niliwagawia majirani zote, na sufuria nikaiosha. Waambie hivyo, ndipo uiache."

Hazikulala, wakuu. Aligawa.